Nusu ya Siku, au Nusu ya Siku Zote?

Hotuba kwa wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na familia za wagonjwa, Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wauguzi wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya vipimo. Mtu akisikia kipimo anafikiria damu, mkojo, eksirei. Kipimo ninachokuja nacho leo hakina sindano wala mashine. Kina karatasi, kalamu na maswali, na mtu amekaa mbele yako anasubiri umuulize. Tunachotaka kujua ni hiki: mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, au mwenye baipola, ugonjwa wa kupanda kwa msisimko na kushuka kwa huzuni, maisha yakimbana anafanyaje? Kodi imefika na hana. Mtoto amerudishwa kutoka shule. Mume kahama. Anashika wapi?

Nianze na mama mmoja. Nitamwita Mama Vitumbua, maana ndiyo biashara yake. Jina lake nitabaki nalo mwenyewe.

Alikuja kliniki siku ya Jumanne, mimi nikiwa mwaka wa pili kazini. Nikashika ile fomu ya maswali tisa ya kupima sonona ambayo wengi wenu mnaijua kwa herufi zake, PHQ-9. Nikamsomea: katika wiki mbili zilizopita, mara ngapi umesumbuliwa na kukosa hamu ya kufanya shughuli zako? Nikampa majibu ya kuchagua kama yalivyochapwa kwenye karatasi niliyokuwa nayo: hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku.

Akafikiri kidogo. Akasema, "Haifiki nusu ya siku, mwanangu. Ni asubuhi tu. Jua likishapanda nachangamka."

Nikatia tiki kwenye "siku kadhaa". Alama 1. Nikaenda swali la pili, la tatu, naye akajibu kwa mtindo huohuo mpaka mwisho. Jumla ikatoka chini ya 10, na 10 ndiyo alama ambayo ikifikiwa tunashtuka. Nikamwambia anaendelea vizuri. Akashukuru, akajifunga kanga yake, akaondoka.

Jioni napanga mafaili, maneno yake yakanirudia. Ni asubuhi tu. Sawa, asubuhi ngapi? Fomu iliuliza kama hali ile imemshika zaidi ya nusu ya zile siku 14. Yeye alisikia zaidi ya nusu ya siku moja, tangu kuche mpaka kuchwe. Na hakukosea hata kidogo, kwa sababu Kiswahili chetu ndivyo kilivyo: siku ni siku, ikiwa moja au zikiwa mia. Aliyetafsiri sentensi ile alisahau neno moja dogo, "hizo", na kwa neno hilo moja mimi nikamrudisha nyumbani mama mgonjwa nikimpongeza.

Mwezi uliofuata sikumsomea majibu. Nilimuuliza tu, "Mama, katika wiki hizi mbili, asubuhi ngapi umeamka huna hamu?"

Akanitazama. "Zote."

Hiyo ni alama 3. Nikaendelea: "Na vitumbua je? Si biashara ya asubuhi?"

"Nimehamia jioni. Nakaanga saa 10, nauza pale stendi, watu wanaotoka kazini wanabebea watoto. Asubuhi nimeshaiachia. Nikijilazimisha asubuhi naunguza, na nikiunguza nalia, na nikilia siuzi."

Naomba tubaki hapo kidogo. Mama huyu alikuwa ameuchunguza ugonjwa wake kuliko mimi. Ameona unambana saa gani na unamwachia saa gani, akachukua biashara nzima, na wateja, na mahali pa kuuzia, akavihamisha vikafuata saa ambazo mwili wake unakubali. Huko ndiko kukabiliana kwenyewe. Na kwenye faili lake, kwa miezi, hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema hivyo. Palikuwa na namba, tena namba isiyo sahihi.

Kwa hiyo ninachowaomba leo ni kitu kimoja. Tusimpime mtu kwa mara moja, kwa maneno ambayo si yake, halafu tukaandika kwamba ameshindwa au anaweza. Tumuulize kwa maneno anayoyatumia, na tumuulize tena.

Sasa tutenganishe mambo matatu ambayo kliniki nyingi tunayachanganya. Kuna pigo lenyewe, yaani kilichompata. Kuna dalili, yaani ugonjwa unavyomfanya. Na kuna anachokifanya yeye juu ya pigo na juu ya dalili. Kila kimoja kina kipimo chake.

Pigo lilianza kupimwa zamani. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila tukio na uzito wake. Kufiwa na mume au mke kulipewa 100. Kuoa au kuolewa, 50. Ndiyo, hata furaha imo, maana kila mabadiliko yana gharama yake mwilini. Lakini orodha ina udhaifu unaoonekana haraka. Kuachishwa kazi kwa mwenye shamba na nyumba, na kuachishwa kazi kwa anayelipa kodi ya chumba na kusomesha wadogo zake, kunabeba namba ileile.

London, kwenye mtaa wa Camberwell, George Brown na Tirril Harris walichagua njia ndefu zaidi. Walikaa na wanawake wakawauliza kwa kina: limetokea nini, lini, ulikuwa na nani, ulikuwa unategemea nini. Halafu, na hapa ndipo ninapowaheshimu sana, habari ya tukio na mazingira yake ilipelekwa kwa watu wengine wapime uzito wake bila kuambiwa mama yule alilipokeaje. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyekwisha kuzama kwenye huzuni huona kila kitu kizito. Ukimwacha yeye apime pigo akiwa amezama, utapima huzuni yake mara mbili. Kitabu chao kilitoka 1978, na moja ya waliyoyakuta ni kwamba mwanamke asiye na mtu wa karibu wa kumweleza siri zake yuko hatarini zaidi pigo linapomfika. Bibi zetu wangewaambia hivyo bila utafiti, lakini nimefurahi kwamba kuna watu walikaa wakahesabu.

Kipimo cha kukabiliana kinatokana zaidi na kazi ya wanasaikolojia wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman. Wao walisema mtu akipatwa na jambo hujiuliza mawili, hata kama hajui kwamba anajiuliza: hili linanitishia nini, na nina nini mkononi cha kulikabili? Baada ya hapo madodoso yakazaliwa mengi. Norman Endler na James Parker, Kanada, walitunga lao mwaka 1990 lenye maswali 48, linalogawa watu kwa njia tatu: anayelikabili tatizo lenyewe, anayehangaika na hisia zake, na anayelikwepa. Charles Carver naye mwaka 1997 alifupisha dodoso lake likabaki na sentensi 28 na njia 14, sentensi mbili kwa kila njia: kupanga, kuomba msaada, kukubali, kusali, kujilaumu, kulewa, kukata tamaa, na nyinginezo. Carver mwenyewe hakuweka alama ya jumla. Hakuna "umepata 60 katika kukabiliana". Nimeona mafaili yenye jumla hiyo, na aliyeiandika alifanya kitu ambacho mtunzi wa dodoso hakukikusudia. Ukijumlisha kusali na kulewa unapata nini?

Sasa tazameni mtego uliomo. Kwenye madodoso mengi, upande wa hisia umejaa sentensi za namna hii: najilaumu, nafadhaika, nawaza sana jambo lilelile. Mpe mtu mwenye sonona. Atatia tiki zote. Halafu tunaandika ripoti: "wagonjwa wa sonona hukabiliana na msongo kwa njia mbaya ya kihisia." Lakini kujilaumu na kuwaza jambo lilelile ni ugonjwa wenyewe! Ni kama kumpima mtu wa malaria ukaandika kwamba anakabiliana na malaria kwa kutokwa jasho. Annette Stanton na wenzake walilisema hili waziwazi mwaka 1994: ukiondoa sentensi zilizochanganyika na mateso, ukauliza tu kama mtu anajaribu kuzielewa hisia zake na kuzitoa, picha inabadilika, na kwa baadhi ya watu njia hiyo ya hisia inawasaidia. Mama anayekwenda kulia kwa dada yake kila Ijumaa, kisha anarudi amepumua, msimwandike kwenye safu ya wanaoshindwa.

Kuna wanaopima mwili. Mwaka 1993, Trier nchini Ujerumani, walitunga jaribio ambalo mtu anasimamishwa mbele ya watu wasiotabasamu, anahutubia, kisha anafanya hesabu za kutoa kwa sauti, huku mate yake yakichukuliwa kupima kotisoli, homoni ya msongo. Tafiti za namna hiyo zimeonyesha kwamba mwili wa mwenye sonona mara nyingi huchelewa kutulia baada ya kushtuka. Ni jambo zuri kulijua, tuwaambie ndugu wanaodhani mgonjwa anadeka. Lakini mate hayawezi kukueleza alikwenda kwa nani kukopa.

Nije kwenye lugha, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Muulize mgonjwa wetu yeyote, "Unakabilianaje?" Jibu la kwanza ni "Navumilia." La pili, "Namwachia Mungu." Dodoso halina mahali pa maneno hayo mawili, au lina mahali pasipofaa. Mwenye haraka atayaandika kwenye kukata tamaa.

Kuvumilia kwetu ni neno pana mno. Kuna kuvumilia kwa mtu aliyelala amegeukia ukuta tangu Jumapili. Kuna kuvumilia kwa kijana anayekunywa lithiamu, dawa ya baipola, kila usiku, mikono inamtetemeka, wenzake kijiweni wanamcheka akimwaga chai, na bado kesho yake anakunywa dozi yake. Wote wawili watakuambia "navumilia", kwa sauti ileile. Tena tumelelewa na mvumilivu hula mbivu, kwa hiyo kusema "siwezi tena kuvumilia" mbele ya muuguzi mwenye umri wa binti yako ni aibu. Jibu unalopewa lina heshima ndani yake, na heshima hiyo inaficha.

Nimejifunza kuuliza swali la pili: "Ukivumilia, unafanya nini?" Mikono iko wapi, miguu iko wapi? Mzee mmoja, fundi cherehani, alinijibu, "Nashona kitu ambacho hakina haraka. Foronya. Foronya haikosewi." Mwingine alikaa kimya muda mrefu kisha akasema, "Nakaa." Hayo ni majibu mawili tofauti kabisa, na yote yalikuwa yamejificha chini ya neno moja.

Na kumwachia Mungu hivyohivyo. Kenneth Pargament na wenzake, Marekani, wana dodoso fupi la maswali 14: saba ya mtu anayemkimbilia Mungu akapata nguvu, na saba ya mtu anayeona Mungu amemtupa au anamwadhibu. Hii ya pili huenda pamoja na mateso zaidi. Kwa Kiswahili, mtu wa kundi la kwanza na mtu wa kundi la pili wote husema "nimemwachia Mungu". Mimi huuliza, "Ukishamwachia, usiku unalala?" Aliyeachia kweli hulala, au angalau hunyamaza moyoni. Anayeona ameadhibiwa hukaa macho akihesabu makosa yake. Jaribuni swali hilo, lakini msilitumie kama mtego. Ulizeni kwa upole, na msiingie kwenye mjadala wa dini na mgonjwa.

Si sisi wa kwanza kuliona tatizo hili la lugha. Zimbabwe wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na kuna dodoso la Kishona la maswali 14 lililojengwa kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe. Ndilo lililotumika kupima kazi ya mabibi wanaokaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, chini ya Dixon Chibanda, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Hapa kwetu Sylvia Kaaya na wenzake wa Muhimbili walichapisha mwaka 2008 dodoso la maswali 19 lililotungwa Dar es Salaam. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari, Paul Bolton na wenzake hawakuanza na orodha iliyotoka ng'ambo. Waliwaomba watu wataje shida zao kwa maneno yao, na likatoka jina agahinda gakabije, huzuni iliyopitiliza.

Bolton alifanya jambo jingine ambalo ningependa kila kituo kilifanye. Badala ya kuuliza kwa ujumla kama mtu anaweza shughuli zake, waliwauliza wanaume peke yao na wanawake peke yao: hapa kwenu mtu mzima anatakiwa kufanya kazi gani? Majibu ndiyo yakawa kipimo. Njia hiyo ilitumika pia Masaka na Rakai nchini Uganda, kwenye vijiji 30, walipopima tiba ya vikundi ya wiki 16. Walipima huzuni, na wakapima pia kama mtu amerudi kwenye kazi zake. Kwetu ningeanza na msiba. Muulize mama: msiba wa mwisho pale mtaani, ulikwenda? Ulikwenda jikoni na wenzako, au ulikaa pembeni? Mwanamke wa kwetu aliyeacha kwenda msibani ana hali mbaya kuliko namba yoyote itakavyokuambia.

Sasa baipola. Hapa kosa letu ni kudhani kinachomwangusha mgonjwa ni huzuni peke yake.

Nina kijana, dereva wa bodaboda. Nimemwomba ruhusa ya kumsimulia, na akasema nisimulie ila nisitaje kijiwe. Alikuwa anaendesha pikipiki ya mkataba, analeta hesabu kila siku. Siku alipomaliza mkataba na pikipiki ikawa yake, nyumba nzima ilifurahi. Wiki ile dada yake akaolewa. Wiki iliyofuata tulimpokea amefungwa kamba, hajalala siku nne, ameahidi kununulia kijiwe kizima pikipiki mpya.

Ndugu wakasema ni husuda. Mimi nikakumbuka kazi ya Sheri Johnson wa Marekani, ya mwaka 2000: kwa watu wenye baipola, dalili za kupanda ziliongezeka baada ya matukio ya kulifikia lengo. Kufaulu, kupata kazi, kumaliza mkataba. Pigo lake lilikuwa furaha, na fomu zetu zote zilikuwa zinamuuliza kuhusu huzuni.

Tukaanza daftari. Timothy Monk, Ellen Frank na wenzao huko Pittsburgh walikuwa wametengeneza kipimo cha mpangilio wa siku, na toleo lake fupi lina mambo matano tu: saa uliyotoka kitandani, saa uliyokutana na mtu wa kwanza, saa uliyoanza kazi, saa ya chakula cha jioni, saa ya kulala. Kijana akapewa daftari la kurasa 48, lile la shule ya msingi, mistari mitano kwa siku.

Wiki ya tatu alikuja mwanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya, mtu mwema, mchapakazi. Akachukua lile daftari, akakuta: kulala saa 4, kuamka saa 11. Akashtuka. Akaniambia usingizi wa kijana umepinduka, anakesha mpaka karibu alfajiri na analala mpaka karibu adhuhuri, tumwite daktari aongeze dozi. Mama yake kijana alikuwa amekaa palepale. Akasema, "Huyu? Saa 4 anakoroma!" Saa 4 usiku mpaka saa 11 alfajiri ni saa saba za usingizi mzuri, usingizi wa mtu anayeendelea vizuri. Mwanafunzi alisoma saa zetu kwa saa za kwao, na bila mama yule kuwepo tungemwongezea dawa mtu mzima wa afya. Tangu siku ile kila daftari letu lina neno usiku, alfajiri, mchana au jioni mbele ya saa. Fomu zinazokuja na saa za Kizungu tunazirudisha au tunazisahihisha kwa kalamu kabla hazijamfikia mgonjwa.

Lile daftari lilinifundisha kuliko dodoso. Mwezi wa tano mistari ilianza kusogea. Kulala saa 4 usiku, saa 5, saa 7, saa 8. Mtu wa kwanza kukutana naye: mama, mama, mama, kisha "abiria, saa 9 usiku". Nilipoona abiria wa saa 9 nilimpigia simu siku hiyohiyo.

Nikamuuliza swali ambalo Lam na Wong waliwauliza wagonjwa kule London kwenye utafiti wao wa mwaka 1997: ukiona umeanza kupanda, unafanya nini? Walikuta kwamba wanaojipunguzia shughuli na kupumzika huendelea vizuri kuliko wanaouongezea moto kuni. Kijana wangu akajibu bila kuficha: "Naongeza trip, dada. Siku zile mwili mwepesi, hela inaingia." Alikuwa anakabiliana, kwa maana yake. Alikuwa anavuna kabla ya mvua kuisha.

Tukakaa wanne: yeye, mama yake, kaka yake na mimi. Sikumwambia aache kazi. Yeye ndiye aliyetoa wazo: akilala baada ya saa 6 usiku kwa siku mbili mfululizo, ufunguo wa pikipiki unakaa kwa mama siku mbili. Kwenye daftari tukaongeza mstari wa sita: ufunguo. Mwaka mzima nimekuwa nikipima kukabiliana kwake kwa mstari huo. Mara nane ametakiwa kutoa ufunguo. Mara ya kwanza alinyang'anywa, pakawa na maneno makali na kaka yake. Ya pili hivyohivyo. Kuanzia ya tano aliutoa mwenyewe, akaandika kwa mkono wake "nimempa mama". Hajalazwa tangu hapo. Sisemi ufunguo ndio ulimponya. Dawa anakunywa, na ndugu zake wanamshika. Ninasema kwamba badiliko lile, la kutoka kunyang'anywa mpaka kutoa, hakuna fomu ya siku moja ingeliona.

Ndiyo maana ninahimiza kuuliza tena. Watafiti waliowapa watu vifaa vya kuandika wanachokifanya palepale wanapobanwa, kisha wakawauliza baadaye, walikuta majibu mawili hayalingani. Watu husahau walichofanya, na hukumbuka wasichofanya. Hao ni watu wazima wa afya. Mgonjwa aliyezama hukumbuka zaidi mabaya, na aliyepanda hukumbuka kwamba kila kitu kiko chini ya mkono wake. Muulize akiwa ameshuka, umuulize akiwa ametulia, umuulize akianza kupanda. Andika tarehe na andika hali yake pembeni ya kila jibu. Bila hivyo, miaka miwili baadaye mwenzako atakayefungua faili hatajua alikuwa anasoma habari za mtu au habari za homa yake.

Jambo dogo, lakini nimeona likiharibu kazi nyingi: nani yuko chumbani. Swali la pombe ukimuuliza mwanamume mbele ya shemeji yake utapata "sinywi". Swali la tisa la ile fomu, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, ukilisoma na mlango uko wazi na foleni inasikia, utapata "hapana" kutoka kwa mtu ambaye jibu lake ni ndiyo. Wengine wanaogopa polisi, wengine wanaogopa kuwatia wazazi uchungu. Kumuuliza mtu swali hilo hakumpandikizii wazo. Lifungieni mlango. Kama hakuna chumba, tokeni nje chini ya mti, na akisema ndiyo, msimwache aondoke peke yake.

Wahudumu wa ngazi ya jamii, nyinyi mna nafasi ambayo sisi wa kliniki hatuna. Mnapita nyumbani. Mnaona kama ua limefagiwa, kama jiko limewashwa, kama yule mama yuko stendi jioni na beseni lake au hayupo. Andikeni hayo. Yana nafasi kwenye faili sawa na alama.

Na ndugu wa wagonjwa, mama zangu na baba zangu: tukikuuliza mgonjwa anafanyaje akibanwa, usitujibu "ana kiburi" au "ana moyo". Tueleze ulichokiona. Aliamka saa ngapi, alikwenda wapi, alimsalimia nani.

Nimebakiza robo saa kabla ya chai, na sitaki niimalize kwa maneno. Mlangoni kuna boksi la madaftari, kila mmoja achukue moja. Kaeni wawiliwawili, muuguzi na ndugu wa mgonjwa, msikae na mnayemjua. Mmoja aulize, mwingine ajibu kuhusu jana yake: ulitoka kitandani saa ngapi, mtu wa kwanza alikuwa nani, kazi ilianza saa ngapi, ulikula jioni saa ngapi, ulilala saa ngapi. Andikeni kwa saa zetu, na muandike usiku au asubuhi. Kisha muulize mwenzako jambo moja lililombana mwezi huu. Akikujibu "nilivumilia", unajua swali linalofuata.